Sikuona, Alisema Fundi Mbaraka

Shati lenyewe ni la drili ya kaki, mikono mirefu, kola imepigwa cherehani mara mbili, na halina kifungo hata kimoja. Matundu ya vifungo yapo, sita, yamezungushiwa uzi vizuri kiasi kwamba ukipitisha kidole husikii pa kukwaruza. Mwanaidi, binti yake Fundi Mbaraka, alilikuta chini kabisa ya sanduku la bati, siku chache baada ya arobaini ya mama yake, walipokuwa wakitoa vitu vya marehemu ili nyumba ya Iringa ipate kukarabatiwa. Alinipigia simu huku Mbeya. Hakunisalimu kwa kirefu. "Kaka Aloisi," alisema, "wewe ulikaa kwetu. Baba hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu. Hili shati la nani?" Nilimwambia simu inakatakata, nitakuja mwenyewe. Simu haikuwa inakatakata. Nilikuwa nimeketi kitandani, mzee anayeikaribia themanini, nikijua fika shati ni la nani, na nilihitaji siku mbili za kujiandaa kusema jambo ambalo nilikuwa nimepewa karibu miaka sitini ya kulisema.

Kwao nilikaa mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya hamsini, nilipomaliza darasa la kumi na kupata kazi ya ukarani kwenye ghala la pareto mjini Iringa. Nilipanga chumba cha uani. Chumba hicho kilikuwa na kitanda cha kamba, msumari mmoja ukutani, na dirisha dogo lililotazama jiko la Bi Zuhura, mke wa Fundi, kwa hiyo nilijua tunakula nini kabla mwenyewe hajajua kama chumvi imetosha. Mbele ilikuwa baraza, na barazani ndipo ilipokaa cherehani ya Fundi Mbaraka, nyeusi, imefutwa mafuta hata ikang'aa kuliko viatu vyangu. Wazee wake Fundi walitoka Kilwa. Yeye mwenyewe alizaliwa hapohapo Iringa lakini alizungumza kama mtu aliyeshuka jana kutoka pwani, na alivaa kanzu nyeupe kwenye baridi ile ya Juni iliyotufanya sisi tujifunge mablanketi. Alikuwa mwembamba, kidole cha kati kimekuwa kigumu kwa sindano. Siku za kazi alishona. Jumamosi baada ya swala ya alasiri aliifunika cherehani kwa kitambaa, akatandika mkeka, akatoa kitabu chake kilichokuwa na kurasa za rangi ya chai, na watu wakaja kumwuliza mambo ya mbele.

Mimi niliyatupa mambo hayo yote katika kapu moja. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa Mkatoliki, na kwetu Kihehe tuna neno kulagula ambalo kwa ujinga wangu nilidhani linatosha kwa kila mtu anayesema habari za kesho. Jioni ya kwanza tuliyokula pamoja, wali na maharage ya nazi ambayo Bi Zuhura alikuwa akiisubiri nazi yake kwa lori kutoka Morogoro, nilimwuliza Fundi kwa adabu yangu ya shule kama ni kweli yeye hutabiri. Aliweka tonge chini. "Kutabiri ni kazi ya manabii," alisema, "na siku hizi ni kazi ya redio ya yule Mhindi mwenye duka, inayosema mvua itanyesha halafu hainyeshi." Nikauliza, basi unaagua? "Kuagua wanaagua wenzako wa milimani. Wao hutafuta lililokwisha tokea: nani kaumwa kwa sababu gani, nani kaiba ng'ombe. Anayeagua anatazama nyuma." Basi unapiga ramli? "Hilo ni neno la watu wanaonisema nikiwa sipo." Bi Zuhura alikuwa akicheka kwenye kanga. "Mwambie basi unachofanya, mtoto wa watu asilale na njaa ya maneno." Fundi alifikiri. "Natazamia," alisema. "Kama mtu anavyochungulia dirishani. Anaweza kuona, anaweza asione, na dirisha lenyewe si lake." Halafu akaongeza kwamba lipo na neno kubashiri, lakini hilo ni la kupeleka habari njema peke yake, na yeye hatalitumia mpaka habari njema iwe imekwisha fika. "Basi mimi nabashiri kwamba chai imepoa," alisema Bi Zuhura. "Hiyo si bishara," Fundi alimjibu, "hiyo ni lawama."

Nimeishi na watu wengi wenye elimu tangu siku ile, na sijakutana na mwingine aliyeyaogopa maneno yake mwenyewe kiasi hicho. Bi Zuhura alikuwa na ishara zake za kila siku; chungu kikipasuka ni nuksi, chafya ya kwanza asubuhi ni habari, na mimi nikichelewa kuamka ni kisirani kwa nyumba nzima. Fundi alimwacha aseme. Lakini akikaa kwenye mkeka, neno moja lilimtoka kwa shida kama mtu anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano. Aliuliza jina la mtu na jina la mama yake, akahesabu kimoyomoyo, akafungua kitabu, akapiga vistari kwa penseli ileile ya kuchorea nguo. Kisha alisema sentensi mbili, labda tatu. Mara nyingi sentensi yenyewe ilikuwa ni "Sikuona." Kulikuwa na watu waliotembea siku tatu kutoka Ruaha Mbuyuni na vitunguu vyao, wakakaa mkekani, wakaambiwa "Sikuona, ndugu yangu, nisamehe," wakaondoka. Na wiki nyingine walirudi. Nilimwuliza Bi Zuhura kwa nini wanarudi kwa mtu asiyeona. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua kichwa. "Kwa sababu siku atakayosema ameona, utajua ameona."

Na alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa mwingine yeyote. Akishamaliza kusema, hakumruhusu mtu kuinuka. Alimtazama, akasema, "Nirudishie." Mtu alitakiwa kurudia, kwa maneno yake mwenyewe, kile alichokisikia. Hapo ndipo penye kazi, maana binadamu akiambiwa neno husikia analolitaka. Mwanamke ameambiwa "safari naiona nzito," yeye hurudisha, "umesema nitasafiri." Fundi alitikisa kichwa. "Hapana. Hilo sikusema. Nirudishie." Mara mbili, mara tatu, mpaka neno litoke mkekani likiwa na ukubwa uleule lilioingia nao. Baadhi waliudhika. Mchuuzi mmoja wa tumbaku alimwambia, "Fundi, unanipima kama suruali." Fundi akasema, "Suruali ikikubana unairudisha. Neno hulirudishi."

Shida ilikuwa lugha. Waliokuja wengi walikuwa Wahehe wa vijijini, wengine Wabena na Wasangu, na Kiswahili chao kilikuwa cha salamu na soko. Fundi alijua Kihehe cha kuuza nguo, salamu ya "Kamwene," urefu wa mkono, upana wa kiuno. Kwa jambo zito hakutaka kukitumia. Mkalimani wake wa zamani alikuwa amehamia Dodoma, kwa hiyo mwezi wangu wa tatu pale aliniomba nikae mkekani. Nilijiona mkubwa. Kijana wa miaka ishirini, suruali ya drili, kalamu mfukoni, watu wazima wananiangalia mdomo. Mwanzoni nilitafsiri kama nilivyofundishwa kutafsiri shuleni, neno kwa neno, na nikagundua jambo ambalo sikulitarajia: neno likiwa baya, sura iliyokunjamana ilinigeukia mimi, si Fundi. Mama mmoja wa Kalenga aliyeambiwa "sikuona" kuhusu ugonjwa wa binti yake aliinuka akaniambia mimi, kwa Kihehe, "Una mdomo wa nuksi, kijana." Fundi hakuelewa. Niliumia wiki nzima. Jumamosi iliyofuata, Fundi aliposema "naona inaelekea pazuri," mimi nikasema "itakuwa pazuri sana," na mzee aliyekuwa mkekani akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Basi. Ilianza hivyo, kwa kijiko cha sukari.

Mama Sekalinga alikuja mwezi wa Septemba, vumbi likiwa jingi na miti yote mikavu. Alikuwa mjane, anakaa peke yake mlimani juu ya Ipogolo, katika nyumba ya tembe, ile ya zamani yetu Wahehe yenye paa bapa la miti iliyofunikwa udongo. Alikuja na mahindi ya kuchoma kwenye kikapu, akampa Mwanaidi mdogo moja, akanipa na mimi moja kabla hajauliza kitu, akaniita "mwanangu." Swali lake lilikuwa wazi. Mwanawe Kastori, mtoto pekee aliyebaki, alipita Mbeya miaka minne nyuma kwenda kufanya kazi migodini kusini. Mwaka wa kwanza alituma blanketi. Baada ya hapo kimya. Sasa kaka yake Mama Sekalinga amekuja kutoka Idodi kumchukua akakae kwake, kwa sababu miti ya paa imeliwa na mchwa na nyumba haitaupita msimu wa mvua. Kaka anaondoka baada ya siku tano. "Mwulize Fundi," aliniambia, "Kastori anarudi au harudi. Akiwa anarudi, nabaki. Nani atamfungulia mlango? Akiwa harudi, nakwenda Idodi."

Fundi alihesabu muda mrefu kuliko kawaida. Alipiga vistari, akavifuta, akapiga tena. Nakumbuka harufu ya mahindi na mafuta ya cherehani. Mwishowe alifunga kitabu. "Mwambie sikuona," alisema. "Si heri, si shari. Sikuona kabisa. Na mwambie, hili si la kitabu, hili ni langu mimi mtu mzima: nyumba ikiwa mbovu, aende na kaka yake. Mwana akirudi atauliza njia ya Idodi." Mama Sekalinga alikuwa akinitazama mimi. Alikuwa ameinama mbele kidogo, mikono imeshika ukingo wa kikapu. Nilifungua mdomo nikiwa na nia ya kusema sikuona. Badala yake nikasema kwa Kihehe kwamba Fundi ameona njia ndefu, na mtu akitembea njiani akiwa na mzigo kichwani, na kwamba kabla mvua kubwa hazijatulia mtu huyo atakuwa amefika nyumbani. Nilisema vizuri. Niliongeza hata rangi ya mzigo. Uso wa yule mama ulifunguka, na mimi, nisiseme uongo leo, nilifurahi kama mtu aliyempa mwenzake maji.

Kisha Fundi akasema, "Anirudishie."

Ningeweza kuishia hapo. Mama Sekalinga alirudisha yote kwa Kihehe, njia, mzigo, rangi, mvua, hakuacha hata moja. Fundi akanigeukia. "Amesemaje?" Nikasema, "Anasema amesikia kwamba hukuona kitu, na kwamba aende Idodi." Fundi aliutazama uso ule uliokuwa uking'aa, akanitazama mimi. "Amelipokea vizuri," alisema, kwa mshangao mdogo. "Ana moyo mkubwa, mama huyu." Watu wakiniuliza nimefanya kosa gani kubwa maishani, hutarajia niwataje wanawake au pombe. Kosa langu ni hilo. La kwanza lilinitoka kwa huruma na majivuno. La pili nililifanya nikiwa nimetulia, baada ya mtu kuniwekea mlango wazi wa kutokea.

Kaka mtu alirudi Idodi peke yake, akiwa amekasirika. Mimi nilijiambia kwamba huenda Kastori atarudi kweli. Mtu aliyesema uongo wa kesho ana starehe hiyo mbaya, kwamba hakuna wa kumkamata mpaka kesho yenyewe ifike. Ilifika Novemba, mawingu yameanza kukaa juu ya mji mchana kutwa. Jumatano moja nimetoka kazini nikamkuta Mama Sekalinga barazani, ameleta kitambaa cha kaki na shati kuukuu la kupimia. Kwa Kiswahili chake cha soko alikuwa akimweleza Fundi: "Shati ya Kastori. Anakuja. Wewe ulisema." Fundi alikuwa katikati ya kushona tundu la kifungo. Alilimaliza lile tundu, akakata uzi kwa meno, akaweka nguo pembeni. "Mimi nilisema nini, mama?" Mama Sekalinga alicheka, akaonyesha kwa mikono: njia, mzigo kichwani, mvua. Fundi aliponigeukia hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. Alisema tu, kwa sauti ya Jumamosi, "Aloisi. Nirudishie."

Nilimrudishia. Nikiwa nimesimama, kofia mkononi, mbele ya Bi Zuhura aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akapokea kitambaa cha yule mama, akapima urefu wa shati kuukuu, akamwambia aende salama. Jioni ile Bi Zuhura aliniwekea ugali na samaki wa ng'onda kama kawaida, kisha akasema, "Kula. Kesho mna kilima cha kupanda," nikajua wameshaamua.

Tulipanda asubuhi, nikiwa nimeomba ruhusa kazini. Fundi alikwenda na kanzu yake, akiikunja mkononi kwenye miiba. Nyumba ilikuwa kama alivyosema kaka mtu: ukuta umetoka tumbo, paa limelala upande mmoja. Vyumba viwili. Chumba anacholala mwenyewe kilikuwa na majivu na magunzi. Kile cha pili kilikuwa kimefagiliwa, kitanda kimetandikwa lile blanketi la kutoka kusini. Fundi alikiangalia kutoka mlangoni, hakuingia. Akakaa kwenye gogo, akaniambia nikae karibu. "Mwambie hivi. Mimi, Mbaraka, nilikosea. Nilisema jambo ambalo sikuliona. Sijui kama mwanawe anarudi au harudi. Namwomba radhi." Nilisema, "Lakini Fundi, aliyekosea—" "Tafsiri," alisema. "Alikuja kwangu. Hakuja kwako." Na mimi nikatafsiri. Neno kwa neno, bila kuongeza, bila kupunguza, tafsiri safi kuliko zote nilizowahi kuzifanya katika kazi ile. Nilikuwa mwaminifu kwa maneno ya Fundi siku ileile ambayo uaminifu huo ulinificha nyuma ya kanzu yake.

Mama Sekalinga alisema kwamba haendi popote, kaka yake ameshaondoka kwa hasira, na chumba kimeshafagiliwa. Fundi akauliza panga liko wapi. Jumapili tatu mfululizo yeye na mimi, na vijana wawili wa jirani, tulikata miti na kuipandisha paani. Mama Sekalinga alitaka tuanze na chumba cha Kastori. "Mwambie: tunaanza na unapolala wewe," alisema Fundi. "Huyo hayupo, hawezi kulowa." Yule mama alikasirika, halafu akacheka, akatuletea viazi. Jumapili ya pili panga lilimkata Fundi kwenye kidole kile cha sindano. Alikifunga kwa kipande cha kaki, na wiki nzima alishona kwa kidole kingine, akilaani polepole kila mshono. Chumba cha pili hatukukimaliza, mvua ilitukuta.

Mji nao ulishapata habari. Mama Sekalinga hakusema kwa ubaya. Aliwaambia wanawake wa sokoni kwamba Fundi amekuja mwenyewe kuomba radhi, na kwake hilo lilikuwa sifa. Lakini lilipofika kwenye baraza ya kahawa lilikuwa limeshageuka. "Fundi, nitazamie kama mvua itanyesha, au nisubiri uje nyumbani uniombe radhi?" Walicheka. Fundi alicheka nao. "Suruali yako itakuwa tayari Jumatatu," alimjibu yule mtu. "Hiyo nimeiona, kwa sababu iko mkononi mwangu." Jumamosi watu wakapungua, wakawa watatu, wakawa mmoja, mkeka ukabaki umekunjwa nyuma ya mlango. Nilipita barazani pale kila siku nikienda na kurudi. Ningeweza kusimama na kusema kwa sauti, jamani, aliyesema ni mimi. Ilihitaji maneno manne au matano. Nilikuwa karani, nilikuwa nimeanza kusalimiwa na watu. Sikusimama.

Nilichofanya ni kwenda Mbeya. Desemba nilipata likizo ya siku chache, nikapanda lori la mizigo, nikalala njiani kwenye magunia, nikafika na matope hadi magotini. Kwenye kambi ambako watu waliandikishwa kwenda migodini, karani mwenzangu alinifungulia madaftari yake, mtu mwema, tukatafuta jina la Kastori mchana mzima huku mvua ikipiga bati. Tulikuta alipokwenda. Hatukukuta aliporudi, wala alipokufa. "Wapo wengi hivi," aliniambia. "Mkataba umeisha, mtu kaingia mtaani hukohuko. Labda ana mke. Labda hana kitu." Aliniuliza nitamwambia nini mama yake. Nilitoka nje, nikaangalia mlima uliojificha kwenye ukungu, na kwa mara ya kwanza nikahisi uzito wa lile neno ambalo Fundi alilibeba kila Jumamosi.

Nilipanda tena kilima cha Ipogolo, peke yangu. Chumba cha Kastori kilikuwa kimeanguka wiki ile; udongo wa paa ulikuwa umekaa juu ya kitanda na blanketi. Chumba tulichokarabati kilisimama, na ndani yake Mama Sekalinga alikuwa akikoka moto. Nilimwambia nimetoka Mbeya na sikuona. Halafu, kwa kuwa tulikuwa wawili tu, nikamwambia na la pili: kwamba hata siku ile ya kwanza Fundi hakuona, alisema aende Idodi, na maneno ya njia na mzigo yalikuwa yangu. Aligeuza kuni. "Nilijua," alisema. Nilidhani sijasikia. "Fundi alisema kidogo hivi," akaonyesha ncha ya kidole, "na wewe ukasema mengi hivi. Mimi si mtoto. Lakini nilitaka kuyasikia, mwanangu, na wewe ulitaka kuyasema." Alinipa kiazi. Januari kaka yake alirudi kumtazama, hasira zimemwisha, na akaondoka naye kwenda Idodi. Alikaa huko mpaka alipofariki, miaka kumi na zaidi baadaye, nilivyosikia. Kastori hakusikika.

Kabla hajaondoka, yule mama alipita barazani kuuliza shati. Fundi alikuwa amelishona lote isipokuwa vifungo. Mama Sekalinga alivitafuta kwa macho. "Vifungo nitatia siku atakayokuja mwenyewe kulivaa," alisema Fundi, nami nikatafsiri. "Nikivitia leo nitakuwa nimesema anakuja. Nisipolishona kabisa nitakuwa nimesema haji." Yule mama alilikunja, akalirudisha mikononi mwa Fundi. "Basi likae kwako," alisema. Mwezi uliofuata nilipata kazi Mbeya, nikaondoka. Fundi alinishonea suruali ya safari. Hakuwahi kunilaumu, wala hakuwahi tena kukunjua mkeka. Alipofariki nilikuwa Tukuyu kikazi, nikapata habari baada ya siku nane. Watu wa mji ule walimzika fundi mzuri wa nguo ambaye zamani alijaribu utabiri ukamshinda. Waliniambia hivyo kwa maneno hayohayo, na mimi nikaitikia.

Haya yote nilimweleza Mwanaidi mwezi uliopita, sebuleni kwao, shati likiwa kwenye mapaja yake. Watoto wake wakubwa walikuwepo, na majirani wawili waliokuja kumpa pole, mmoja wao mtoto wa yule mtu wa suruali ya Jumatatu. Nilitaka wawepo. Nilipomaliza, chai ilikuwa imepoa. Mwanaidi alipangusa macho, akasema, "Tumesikia, kaka. Ulikuwa kijana." Nikamwambia hapana, anirudishie. Alinitazama, na nikaona amekumbuka, maana alikuwa akichezea pembeni ya mkeka ule Jumamosi zote. Alianza polepole. "Umesema kwamba baba hakuona, na wewe, kwa kumhurumia yule mama, uliongeza kidogo—"

"Hilo sikusema," nilimwambia. "Nirudishie."

Alishusha pumzi, akaviweka viganja vyake juu ya shati. "Baba hakuona, na alisema hakuona. Wewe ulisema ameona. Kisha ukamwacha abebe yeye."

"Ndivyo," nikasema.